Namna ya Kuandika Uzoefu wa Ufundi wa Ndege za Jeshi Ukubalike kwa Leseni ya Kiraia

Fundi aliyehudumia ndege za jeshi kwa miaka 12 anaweza kunyimwa leseni ya kiraia huku kijana mwenye miaka 5 ya kazi akipewa, na wote wawili wakawa mafundi hodari. Kinachowatofautisha ni karatasi. Mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga hajawahi kufika kikosini kwako, hana ruhusa ya kufungua kumbukumbu za jeshi, na vifupisho ulivyovizoea havimwambii kitu. Anataka kuona nani alifanya kazi gani, kwenye ndege ipi, wapi, lini, kwa dhamana gani, na nani anathibitisha. Hatua zifuatazo ni za kumpa hayo bila kukuingiza matatani na jeshi.

Hatua ya 1: Amua unaomba leseni ipi, kwa mamlaka ipi

Usiandike hata mstari mmoja kabla ya kuamua hili, maana ushahidi unaotosha kwa mamlaka moja huonekana pungufu kwa nyingine.

Msingi unaozifunga nchi zote wanachama ni Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa linalosimamia usafiri wa anga. Anayetaka leseni yenye mamlaka juu ya ndege nzima awe na umri wa angalau miaka 18 na uzoefu wa miaka 4 wa kukagua, kuhudumia na kutengeneza ndege au vifaa vyake. Aliyemaliza mafunzo yaliyoidhinishwa anatakiwa miaka 2. Kila nchi inajenga kanuni zake juu ya msingi huo, kwa hiyo soma kanuni za nchi unakotaka kufanya kazi, tena toleo linalotumika sasa.

Kwa mfumo wa Ulaya, EASA, kanuni yenyewe inaitwa Part-66. Kundi A ni fundi anayesaini kazi ndogo ndogo za njiani, yaani kati ya safari na safari. B1 ni mwili wa ndege, injini na mifumo ya kimakanika. B2 ni umeme na avioniki, yaani mifumo ya kielektroniki ya ndege. B1 inagawanyika: B1.1 ni ndege za injini za tabini, yaani jeti na tabopropu, B1.2 ni ndege za pistoni, B1.3 helikopta za tabini na B1.4 helikopta za pistoni. Mtu asiye na mafunzo yoyote yanayotambuliwa anadaiwa miaka 3 kwa A, B1.2 na B1.4, na miaka 5 kwa B1.1, B1.3 na B2. Mwenye mafunzo ya ufundi ambayo mamlaka imeyakubali anashuka hadi miaka 2 na 3. Aliyemaliza kozi ya msingi katika chuo kilichoidhinishwa chini ya Part-147 anashuka zaidi, mwaka 1 na miaka 2. Uingereza ilitoka kwenye mfumo wa EASA mwishoni mwa 2020 lakini bado inatumia Part-66 yake, iliyotokana na ile ya Ulaya.

Kuna sharti moja ambalo watu wa jeshi hulisahau. Part-66 inakubali uzoefu uliopatikana nje ya mazingira ya kiraia, jeshini ukiwemo, endapo mamlaka itaridhika kuwa unalingana na ule wa kiraia. Hata hivyo inadai uongeze muda wa kazi kwenye ndege za kiraia. Mwongozo wa EASA unataja miezi 6 kwa kundi A na miezi 12 kwa B1 na B2. Hakuna wingi wa miaka ya jeshi unaofuta deni hilo.

Marekani wana njia yao. FAA, mamlaka yao ya usafiri wa anga, hutoa cheti cha fundi chenye madaraja mawili, mwili wa ndege na mtambo wa injini. Unahitaji ushahidi wa miezi 18 ya kazi kwa daraja moja, au miezi 30 kwa yote mawili kama ulikuwa ukiyafanya kwa pamoja. Hawadai mwaka wa kiraia. Unapeleka ushahidi kwa mkaguzi wa FAA, akiridhika anasaini Fomu 8610-2, ndipo unaruhusiwa kufanya mitihani ya kuandika, ya mdomo na ya vitendo, yote ndani ya miezi 24. Wanajeshi wa Marekani wana pia hati ya ustahiki inayotolewa na baraza la pamoja la majeshi yao, JSAMTCC, ambayo FAA inaitambua. Kwa EASA unaweza kuanza mitihani ya moduli, yaani masomo yenye namba ya Part-66, wakati uzoefu bado haujatimia. Alama ya kufaulu ni asilimia 75, na mitihani nayo isiwe imepita miaka 10 unapoomba leseni.

Hatua ya 2: Kusanya kabla hujavua sare

Ukichukua hatua moja tu katika mwongozo huu, basi iwe hii. Ukiwa bado kazini, msimamizi anakujua kwa jina, karani wa kumbukumbu yuko mlango wa pili, na mfumo wa kompyuta unakukubali. Ukisharudisha kitambulisho getini, ombi lile lile dogo linageuka barua ya raia kwenda makao makuu, na barua za namna hiyo zina foleni yake. Isitoshe, sajini aliyesimama nawe usiku chini ya bawa huhamishwa, hupandishwa cheo, hustaafu. Ndege nayo ikiuzwa, makabrasha yake huondoka nayo.

Anza walau mwaka mmoja kabla ya kuondoka. Tafuta muhtasari rasmi wa utumishi wako unaoonyesha tarehe, vikosi na fani. Kwa waliotumikia Marekani hati ya kuachana na jeshi ni DD-214. Tafuta vyeti vya kozi zote za ufundi, na usiishie kwenye cheti. Omba mtaala: mada zilizofundishwa, saa za darasani, saa za karakana, na namna mtihani ulivyofanyika. Cheti kinasema ulisoma. Mtaala ndio unaoiwezesha mamlaka kuamua kama mafunzo yako yanatosha kukushusha kutoka miaka 5 hadi 3, na hapo ndipo watu wengi hupoteza miaka miwili bure.

Chukua pia idhini zako zote na tarehe zake: ya kusaini kazi yako mwenyewe, ya kukagua kazi ya mwenzako, ya kuwasha injini chini, ya kuivuta ndege, ya kutumia boreskopu, kifaa cha kuchungulia ndani ya injini. Idhini inaonyesha jeshi lilikuamini kwa kiwango gani na kuanzia lini, na hayo mkaguzi wa kiraia anayaelewa mara moja.

Sasa suala la siri. Kumbukumbu za ndege yenyewe, iwe ni Fomu 700 ya Waingereza, mfululizo wa AFTO 781 wa jeshi la anga la Marekani au kabrasha la jeshi lako, ni mali ya jeshi. Usitoe nakala kimya kimya na usipige picha kwa simu. Picha ya kadi ya kazi inayoonyesha nyuma yake jopo lililo wazi la ndege ya kivita inaweza kukugharimu zaidi ya leseni. Nenda kwa afisa usalama wa kikosi, mweleze unachotaka na sababu yake, kisha omba muhtasari wa kazi zako uliotolewa rasmi. Mamlaka ya kiraia haina haja na safari ilikuwa ya nini, ndege ilipelekwa wapi, ilibeba silaha gani, wala kikosi kilikuwa na ndege ngapi nzima siku hiyo. Namba ya mkiani ikiwa ni siri, andika namba ya rejea ya ingizo, nayo ibaki kikosini kwa atakayetaka kuhakiki. Mpe afisa huyo asome daftari lako lote la kazi, lile la hatua ya 5, na aweke mhuri kuwa halina siri. Wengine huona usumbufu, lakini mhuri ule unakulinda na pia unaongeza uzito wa daftari.

Hatua ya 3: Hesabu muda uliogusa ndege

Chora jedwali la utumishi wako mwezi kwa mwezi, kisha punguza bila huruma. Mafunzo ya ukuruta hayahesabiwi. Miezi ya kusomea fani nayo haihesabiwi kama kazi. FAA inasema wazi kuwa muda wa kujifunza fani si muda wa kuifanya. Ondoa zamu za ulinzi wa muda mrefu, stoo ya vipuri, ofisi ya mipango, ukufunzi wa darasani, na ule mwaka uliochezea timu ya jeshi.

Tuchukue mfano wa fundi aliyeingia jeshini Januari 2012 akatoka Desemba 2023. Miezi 6 ya kwanza ni ukuruta. Julai 2012 hadi Desemba 2013 ni kozi ya ufundi. 2014 na 2015 yuko hangani. 2016 na 2017 yuko stoo. 2018 hadi 2020 amerudi hangani. 2021 yuko kwenye ulinzi wa amani, mahali hakuna ndege. 2022 na 2023 ni mkufunzi darasani. Anajitambulisha kama fundi wa miaka 12, na ana haki ya kujivuna, ila mikono yake iligusa ndege kwa miaka 5.

Hesabu haijaisha. Akiomba leseni ya EASA Januari 2026, uzoefu wote unatakiwa uwe ndani ya miaka 10 iliyotangulia. Miaka ya 2014 na 2015 inaanguka nje. Amebaki na mitatu. Kama ana mtaala wa ile kozi ya 2012–2013 na mamlaka ikaukubali, mitatu hiyo inafika kiwango cha B1.1. Kama hana, amepungukiwa miaka miwili. Kozi ile ile isiyohesabika kama kazi ndiyo inayomvusha.

Part-66 inadai pia kuwa walau mwaka 1 wa uzoefu uwe wa karibuni, kwenye kundi la ndege unaloombea. Mwongozo wake unasema angalau nusu ya mwaka huo iwe ndani ya miezi 12 kabla ya maombi, na kilichobaki ndani ya miaka 7. Fundi wetu wa mfano hajashika spana tangu 2020, kwa hiyo mwaka wake wa kiraia utalipa madeni mawili kwa mpigo, la mazingira ya kiraia na la ukaribuni.

Kwa FAA, kama ulifanya ufundi kwa vipande vipande, andika saa. Wiki ya kazi huchukuliwa kuwa ya saa 40, karibu saa 160 kwa mwezi. Miezi 18 inakuwa saa 2,880 na miezi 30 saa 4,800.

Hatua ya 4: Vua maelezo yako sare

Namba ya fani, kifupi cha kikosi na jina la cheo viandikwe kwa ukamilifu mara moja mwanzoni, kisha visirudi tena. Badala ya namba ya fani, andika kazi: fundi wa injini, fundi wa haidroliki, fundi wa umeme na vyombo.

Panga kazi zako kwa sura za ATA. Ni mpangilio wa namba ambao miongozo ya ndege za kiraia imeufuata kwa miongo mingi: 24 ni umeme, 27 ni vidhibiti vya kurukia, 28 mafuta, 29 haidroliki, 32 gia za kutua, 34 urambazaji, 61 propela, 72 injini ya tabini, 73 mafuta na udhibiti wa injini, 79 oili. Miongozo ya jeshi lako ikitumia namba nyingine, kaa chini jioni moja ulinganishe. Mkaguzi akiona 29 anajua uko wapi kabla ya kusoma neno linalofuata.

Kisha mwonyeshe undugu wa ndege. Ndege nyingi za jeshi zina ndugu wa kiraia, na kumtaja ndugu huyo kunaokoa maelezo mengi. C-130 ina L-100, na injini yake ya T56 kiraia huitwa 501-D. UH-1H ni ndugu wa Bell 205. Injini ya T700 ya UH-60 ni CT7 upande wa kiraia. KC-135R inatumia injini ya F108, ambayo ni CFM56. P-8 imejengwa juu ya Boeing 737-800. Undugu haukupi leseni ya aina ya ndege, yaani idhini ya modeli mahususi, kwa hiyo usiandike kana kwamba umefanya kazi kwenye 737 kama hukufanya. Andika jina la kijeshi kwanza, la kiraia baadaye.

Aliyekaa kwenye ndege za kivita asikate tamaa kwa kukosa ndugu wa kutaja. Pampu ya haidroliki ni pampu ya haidroliki, na kufuatilia waya uliokatika ndani ya bawa la ndege ya kivita kunamfundisha mtu subira kuliko ndege yoyote ya abiria. Lakini silaha, viti vya kujirusha na mitambo ya vita vya kielektroniki iweke kwenye mstari mmoja, ukisema ilichukua takriban sehemu gani ya muda wako. Ukiificha itaonekana. Ukiijaza kurasa, mkaguzi ataanza kutilia shaka na mengine.

Hatua ya 5: Andika kazi yenyewe

Mwongozo wa EASA hauhitaji kila kazi iandikwe moja moja, ila unakataa waziwazi kauli kavu ya "miaka kadhaa ya matengenezo imekamilika". Msomaji anatakiwa aelewe ilikuwa wapi, lini, na matengenezo ya namna gani. Daftari la kazi linapendekezwa, na baadhi ya mamlaka hulidai.

Maelezo dhaifu huwa hivi:

"2018–2020: Nilihusika na matengenezo yote ya injini na propela za C-130 kikosini."

Na haya ndiyo yanayosimama:

"14 Mei 2019. Hanga la matengenezo ya ratiba. C-130H, injini T56-A-15, propela 54H60. ATA 61. Uvujaji wa haidroliki kwenye propela namba 2. Nilitoa propela, nikafunga iliyokarabatiwa, nikajaza mafuta ya haidroliki, nikapima pembe za mapanga. Baada ya kuwasha injini nilikagua uvujaji na mzunguko: hakuna uvujaji, mzunguko asilimia 100. Kwa mujibu wa mwongozo wa kiufundi, sura ya propela. Nilikuwa kiongozi wa mafundi wawili, nilisaini kazi. Ukaguzi huru ulisainiwa na mkaguzi wa zamu. Rejea ya kikosi: ingizo namba fulani."

Ni mistari michache tu. Hitilafu ipo, kitendo kipo, kipimo kipo, waraka uliofuatwa upo, dhamana ipo. Ona pia vitenzi: nilitoa, nilifunga, nilipima, nilikagua. Maneno kama "nilishiriki" na "tulifanya" yafute kila unapokutana nayo, kwa sababu hayasemi wewe ulikuwa wapi wakati kazi inafanyika. Huenda ulishika tochi.

Kila ingizo liwe na moja ya ngazi tatu: nilifanya chini ya usimamizi, nilifanya na kusaini mwenyewe, nilikagua au kusimamia wengine. Mkaguzi hupenda kuona ngazi zikipanda kadiri miaka inavyokwenda. Fundi ambaye ukurasa wa kwanza tayari anasimamia wengine anaibua maswali.

Halafu mchanganyiko. Matairi, oili na taa ni kazi halali, lakini matairi mia mbili hayamwambii mkaguzi zaidi ya matairi matano. Yakusanye kwa kipindi, mfano "Januari hadi Juni 2018, magurudumu na breki, ATA 32, mara kwa mara, nilisaini mwenyewe", na nafasi uliyookoa itumie kwa kutafuta hitilafu, kurekebisha vidhibiti vya kurukia, ukaguzi mkubwa wa ratiba, ukarabati wa bati na kompoziti, majaribio baada ya kazi. Utafutaji wa hitilafu uuandike kwa kirefu kidogo: dalili aliyoripoti rubani, ulichoshuku, ulichopima, ulichokikuta, na ulivyohakikisha kuwa imekwisha. Maingizo ya namna hiyo kumi au kumi na tano, yenye ukweli, yana nguvu kuliko kurasa za kubadilisha vipuri.

Part-66 ina orodha ya kazi za vitendo iliyopangwa kwa ATA, iliyotengenezwa kwa ajili ya uzoefu wa aina ya ndege. Hata kama huombi aina, ipitie huku ukiweka alama ulizofanya. Sura zitakazobaki tupu zitakusaidia kwenye hatua ya 7.

Kila ukurasa usainiwe na mtu aliyeona au aliyesimamia, jina, cheo na tarehe, na usainiwe wakati kazi bado ni mbichi. Daftari la miaka mitatu lililosainiwa lote siku moja kwa kalamu moja linajulikana kwa kuangalia tu.

Na kama hukuwahi kuweka daftari? Usitunge. Tumia kozi, uhamisho, ratiba za ukaguzi mkubwa na kumbukumbu za kikosi kurejesha vipindi, si siku. Andika juu kabisa kuwa ni muhtasari uliotayarishwa baadaye, sema umeutoa wapi, na umwombe msimamizi wa wakati ule asaini kile anachoweza kukithibitisha. Muhtasari mkweli wa vipindi unakubalika mara nyingi. Tarehe za kubuni ni kughushi, na zinafunguka kirahisi: inatosha ndege moja kuwa angani siku unayodai uliifungua.

Hatua ya 6: Barua ya kuthibitisha

Barua isainiwe na mkuu wa kikosi, afisa mhandisi au afisa matengenezo, kwenye karatasi rasmi yenye mhuri na anwani ya ofisi, ili mamlaka ikitaka kuuliza ijue pa kuandika. FAA inataka kwenye barua hiyo urefu wa utumishi, muda uliofanya kazi katika kila fani, aina na modeli ya ndege na injini, na mahali ulipopata uzoefu. Ukiyatimiza hayo umekaribia kutimiza matakwa ya karibu mamlaka yoyote.

Mwandikie rasimu mkuu wako. Asipopata rasimu ataandika kuwa wewe ni askari mwadilifu, mtiifu, mzalendo na mwenye nidhamu ya hali ya juu. Ni maneno matamu, na mkaguzi atayaruka yote akitafuta modeli ya injini. Rasimu iwe ya namna hii:

"Ninathibitisha kuwa mtajwa alifanya kazi ya matengenezo ya ndege katika kikosi hiki, muda wote wa kazi, kuanzia Januari 2018 hadi Desemba 2020. Alihudumia C-130H zenye injini za T56-A-15, takriban nusu ya muda kwenye mwili wa ndege na mifumo yake, nusu kwenye injini na propela. Kuanzia Julai 2018 alikuwa na idhini ya kusaini kazi zake, na kuanzia Februari 2020 idhini ya ukaguzi huru. Maelezo yaliyoambatishwa, kurasa 1 hadi 24, yamelinganishwa na kumbukumbu za kikosi na hayana taarifa za siri."

Mgawanyo wa muda kati ya mwili wa ndege na injini usiuache nje, hasa kwa FAA, kwani bila huo mkaguzi hawezi kukupa madaraja yote mawili. Ukitumikia vikosi vitatu, pata barua tatu. Mkuu wa kikosi cha mwisho hawezi kuthibitisha ulichofanya kwingine kabla hajakujua.

Hatua ya 7: Ziba pengo la kiraia

Tafuta kazi, hata ya ngazi ya chini kuliko ulivyozoea, kwenye kampuni ya matengenezo iliyoidhinishwa. Kwa sajini aliyekuwa akiongoza watu, kuitwa msaidizi wa fundi ni dawa chungu. Meza. Utakutana na mambo ambayo jeshini yalikuwa na sura nyingine: cheti cha kurudisha ndege kazini na dhamana binafsi ya anayekisaini, maagizo ya lazima ya usalama kutoka kwa mamlaka, orodha ya vifaa ambavyo ndege inaruhusiwa kuruka navyo vikiwa vibovu, na kipuri kisichofungwa bila karatasi yake, Fomu 1 ya EASA au 8130-3 ya FAA.

Endelea na daftari lile lile, safu zile zile, ukilenga zile sura zilizobaki tupu. Waliotoka kwenye ndege za kivita huwa hawana ATA 25, vifaa vya chumba cha abiria, wala 38, maji na uchafu. Hakuna anayeingia fani hii kwa mapenzi ya choo cha ndege, ila sura hiyo nayo inahesabiwa. Soma kwa bidii moduli ya 10, sheria za usafiri wa anga, maana ndiyo ambayo maisha ya jeshi yanakuandalia kwa uchache zaidi.

Baadhi ya majeshi ya Ulaya hutoa leseni ya kijeshi chini ya EMAR 66, kanuni iliyoigwa kutoka Part-66. Ukiwa nayo iambatishe, inarahisisha sana kulinganisha. Leseni ya kiraia bado utaiomba kama wengine.

Hatua ya 8: Funga faili, kabili maswali

Juu iwe fomu ya maombi, Fomu 19 kwa EASA au 8610-2 kwa FAA. Fomu 19 ina nafasi ndogo, na inaruhusiwa kuandika humo "tazama kiambatisho" ukataja kurasa. Fuatisha jedwali la muda, barua, muhtasari wa utumishi, vyeti na mitaala, idhini, mwisho daftari. Andika namba kwenye kila ukurasa. Hati za lugha nyingine zitafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa, nakala zithibitishwe, na hati halisi zibaki kwako hadi utakapoombwa kuzionyesha.

Kabla ya kupeleka, mpe mtu asiyewahi kuingia jeshini alisome faili kwa dakika kumi, kisha mwulize: nilikuwa nafanya nini 2019? Akikujibu sawasawa, peleka.

Ukiitwa kwa mahojiano, tarajia mkaguzi afungue ukurasa wowote na kusema, nieleze hii. Jibu kwa ulichokifanya, taja waraka ulioufuata, na usipokumbuka thamani ya torki, yaani nguvu ya kukaza bolti, sema ungeisoma kwenye mwongozo. Ndilo jibu sahihi hata kwa anayeikumbuka. Swali likiingia kwenye mambo ya siri, sema huruhusiwi kulijibu. Hatakushangaa.

Maombi yakirudi, omba kwa maandishi ni sharti lipi halijatimia na ni muda kiasi gani uliokataliwa. Mara nyingi utakuta kinachodaiwa ni barua ya kikosi kimoja, mtaala wa kozi moja, au miezi michache ya kiraia. Kilichokubaliwa kiandikiwe tarehe kwenye faili lako, kwa sababu ile miaka 10 inaendelea kukimbia wakati unatafuta kilichobaki.